Mshumaa unaowaka ndani ya tangi hauthibitishi kitu

"Mimi ni kibarua wa siku kwenye kiwanda cha shaba na kobalti, nje kidogo ya Lubumbashi. Kila baada ya miezi michache matangi ya kuyeyushia madini kwa asidi yanamwagwa, halafu sisi tunaingia kukwangua tope lililobaki chini. Kapita wetu, yaani msimamizi wa kazi, hushusha kwanza mshumaa kwa kamba. Ukiendelea kuwaka, tunaingia. Mwezi uliopita, tukiwa tumeshaanza kuchota na kumwagia maji, mwenzetu aliinama kuokota sepetu akaanguka. Nilishuka nikamwinua, wa juu wakamvuta. Alizinduka nje baada ya dakika chache. Mimi kichwa kiliniuma mpaka usiku, na moyo ulidunda kama wa mtu aliyekimbia. Kapita anasema yule hakula asubuhi. Wiki ijayo tunarudi ndani. Nimejinunulia maske yenye filtri mbili sokoni. Itanisaidia? Na nikikataa kuingia, si watachukua mwingine pale getini?"

Ndugu yangu, umeniuliza juu ya maske na juu ya kazi yako. Lakini kuna swali la tatu ambalo hukuliuliza, na mawili uliyouliza hayajibiki bila hilo: ni nini kilichomwangusha mwenzako? Barua yako yenyewe imetoa jibu karibu lote, pale uliposema kwamba aliinama.

Kwanza tuiondoe njaa. Mtu asiyekula anaweza kuzimia, sikatai. Ila njaa ya mtu mmoja haimpi mwingine maumivu ya kichwa. Wewe ulishuka dakika moja au mbili tu ukapanda na moyo unadunda na kichwa kinagonga mpaka usiku. Watu wawili walivuta hewa ileile mahali pamoja na wote wawili waliumia. Tofauti ni kwamba yeye alikaa zaidi na kichwa chake kilifika chini zaidi.

Mimi ni mtoto wa Goma, na huko jambo hili lina jina. Tunaliita mazuku. Katika mashimo na mabonde madogo ya mawe ya volkano, hasa upande wa barabara ya kwenda Sake, gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutulia chini kama maji kwenye beseni. Huioni, na pua haikuonyi. Mama zetu walitukataza kupeleka mbuzi huko asubuhi mapema, kabla upepo haujaanza kuvuma na kuitawanya. Mtu mzima anaweza kusimama pembeni ya shimo kama hilo akiwa mzima kabisa, na mbuzi wake akafa karibu na miguu yake, kwa sababu pua ya mbuzi iko chini na ya mtu iko juu. Mtoto akifuata mpira humo, harudi. Sababu ni uzito: kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa ya kawaida karibu mara moja na nusu, kwa hiyo pasipo upepo hujikusanya chini na kubaki hapo.

Sasa utaniuliza mazuku imefikaje Lubumbashi, mahali pasipo na volkano. Imefika ndani ya jiwe. Unaijua malakiti, lile jiwe la kijani ambalo wachongaji wetu hulitolea tembo na shanga za kuwauzia wageni. Malakiti ni madini ya shaba yaliyofungana na kabonati, yaani kaboni iliyoshikana na oksijeni. Likigusana na asidi ya salfa, shaba huyeyuka, ndiyo faida ya mwenye kiwanda, na kaboni dioksidi hutoka kwa povu. Mwamba wa dolomiti unaochimbwa pamoja na madini yetu hufanya vilevile. Kazi ikiendelea, tangi likiwa wazi na kikorogeo kinazunguka, gesi hiyo hutoka juu na kupotea. Tatizo huja mnapomwaga tangi. Chini hubaki tope lenye punje za madini ambazo asidi haikuzimaliza, na asidi iliyonaswa humohumo katikati yake. Tope likitulia, kila kimoja kinakaa peke yake. Nyinyi mkiingia na sepetu, mkalipasua na kulimwagia maji, mnavikutanisha upya.

Nipige hesabu ya haraka. Kilo moja ya malakiti safi ikiliwa yote na asidi hutoa zaidi ya lita 100 za kaboni dioksidi. Chukua tangi lenye kipenyo cha mita 3. Hewa iliyo kati ya sakafu na magoti yako, tuseme nusu mita, ni kama lita 3,500. Kilo nne tu za malakiti zilizofichika kwenye tope zinatosha kuifanya hewa hiyo ya chini iwe na gesi asilimia 10 na zaidi, na katika kiwango hicho mtu hupoteza fahamu kwa dakika chache. Kilo nne hazijai hata ndoo. Nyinyi mnachota mangapi kwa siku moja?

Sitakuapia kwamba ndiyo gesi iliyomwangusha. Bila kipimo hakuna anayeweza kuapa. Lakini dalili zako, moyo kudunda na kichwa kuuma, zinafanana nayo sana, na aliyeinama ndiye aliyeanguka.

Nije kwenye mshumaa. Namwelewa kapita wenu. Hata watengenezaji wa mvinyo wa Ulaya walifanya hivyo kwa miaka mingi kwenye maghala yao ya chini. Ila mshumaa unasema jambo moja tu: kwamba mahali ulipofika, kwa saa hiyo, kuna oksijeni ya kutosha kuuwasha. Hautaji gesi nyingine yoyote. Unaweza kuendelea kuwaka katika hewa yenye kaboni dioksidi ya kutosha kumlaza mtu. Katika hewa yenye sumu kali nyingine utawaka vizuri kabisa. Na mkikuta gesi inayolipuka, huo mshumaa ndio utakaoilipua, nanyi mmesimama juu ya tundu mnachungulia. Tena angalia lini unashushwa: kabla ya kazi, tope likiwa limelala. Gesi iliyomwangusha mwenzako huenda haikuwepo mshumaa uliposhushwa. Mliitengeneza wenyewe kwa sepetu.

Kiwandani kwenu si hiyo peke yake. Kama wanatoa kobalti, bila shaka umeona mifuko ya unga mweupe wanaouita SMB, metabisulfiti ya sodiamu. Ikikutana na asidi hutoa salfa dioksidi, ile harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, inayochoma koo na macho. Hiyo angalau inakufukuza. Mbaya zaidi ni hidrojeni salfaidi. Viwanda vinavyoelesha madini kwa povu hutumia dawa ya salfaidi iitwayo NaHS, na dawa hiyo ikiingiliana na asidi, hata kwa bomba lisilofungwa vizuri, gesi hiyo hutoka. Mwanzoni hunuka mayai yaliyooza. Ikifika sehemu 100 hivi katika milioni inaua uwezo wa pua kunusa, mtu akadhani harufu imekwisha, kumbe pua ndiyo imekwisha. Ikizidi mara kadhaa ya hapo, mtu huanguka baada ya kuvuta pumzi chache.

Kuna pia hatari isiyo na gesi ya sumu hata kidogo: kukosa oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Tangi la chuma lililofungwa wiki kadhaa likiwa na unyevu hupata kutu, na kutu hula oksijeni hiyo taratibu. Hapa watu wengi hukosea, hata mafundi wazoefu. Wanadhani mwili utawapa onyo, kwamba watajisikia kubanwa pumzi na kupanda ngazi mapema. Mwili hauhesabu oksijeni inayoingia kama tunavyodhani. Kinachotufanya tuhangaike tukiziba pua ni kaboni dioksidi tunayoshindwa kuitoa. Ndani ya tangi lililokosa oksijeni unaitoa vizuri, kwa hiyo hutahisi kubanwa. Unakuwa kama mtu aliyekunywa kidogo: unachekacheka, mikono inakuwa mizito, unasahau ulichofuata. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 10 unaanguka bila kuaga.

Kwa hiyo maske yako. Filtri ni chujio. Inanasa baadhi ya gesi, ile tu iliyotengenezewa, na kwa muda tu. Kaboni dioksidi hupita humo kama haioni kitu. Na oksijeni ambayo haimo kwenye tangi, filtri itaitoa wapi? Maske ya kufaa mahali pale ni ile inayokuja na hewa yake, ama chupa mgongoni, ama mpira unaoleta hewa safi kutoka nje, na kuitumia lazima ufundishwe. Hiyo ya sokoni ndani ya tangi ni mbaya kuliko kutokuwa na maske, kwa sababu itakupa moyo wa kushuka.

Sasa niseme lililonisumbua kuliko yote katika barua yako. Ulishuka kumwokoa. Najua hukuwaza, nani angewaza? Mwenzako amelala pale chini, unamwona, ngazi ni hii hapa. Lakini ulikwenda kuvuta hewa iliyomwangusha, tena ukifanya kazi nzito ya kuinua mtu, ambayo humfanya mtu avute hewa mara mbili au tatu zaidi. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilionya mwaka 1986 kwamba katika sehemu za namna hii zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa walikuwa wale walioingia kuokoa. Ndiyo maana ajali za matangi, visima na mashimo ya choo mara nyingi humaliza watu wawili, watatu, baba na mwana, bosi na kibarua wake. Safari hii mlipona. Safari nyingine akianguka mtu, pigeni kelele, pulizeni hewa ndani kwa feni, mvuteni kwa kamba, na asishuke mtu asiye na chupa ya hewa. Nakujua hutanisikia siku hiyo. Kwa hiyo kamba lazima iwe imeshafungwa mwilini mwake kabla hajashuka, ili usiwe na sababu ya kushuka.

Kazi yenyewe ikifanywa sawasawa inakuwaje? Bora kuliko yote ni mtu asiingie kabisa. Najua matajiri hawapendi kusikia hivyo, lakini tope nyingi hutoka kwa maji ya nguvu yanayorushwa kutoka nje, pampu ya tope, na makwanguo ya mpini mrefu kupitia tundu la ubavuni. Huchukua siku zaidi. Pengine kinachobaki baada ya hapo ni saa moja ya kazi ya ndani badala ya siku mbili, na hiyo saa moja mnaweza kuilinda vizuri.

Ikibidi kuingia, mabomba yanayoleta asidi na dawa yakatwe au yazibwe kwa sahani ya chuma. Vali iliyofungwa tu haitoshi, vali huvuja. Mota ya kikorogeo ifungwe kwa kufuli, kadena kama tunavyosema hapa, na kila anayeingia awe na kadena yake na ufunguo mfukoni mwake. Nimeona mahali ambapo ufunguo mmoja ulikuwa kwa shefu, mkubwa wa kazi, naye shefu alikuwa amekwenda kula.

Halafu hewa ipimwe kwa kifaa, kutoka nje, juu, katikati na chini kabisa, kwa mpira mrefu unaoshushwa. Kuanza na oksijeni, kisha gesi zinazowaka, kisha sumu. Kifaa kiendelee kufanya kazi kifuani mwa aliye ndani muda wote, kwa sababu ya yale niliyosema juu ya sepetu. Hapa kuna mtego ambao hata maofisa usalama huingia. Kifaa cha kawaida hupima vitu vinne: oksijeni, gesi zinazowaka, kaboni monoksidi na hidrojeni salfaidi. Kaboni dioksidi hakioni, wala salfa dioksidi. Fikiri hewa yenye kaboni dioksidi asilimia 5. NIOSH huhesabu asilimia 4 tu kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Oksijeni kwenye hewa hiyo itakuwa imeshuka mpaka asilimia 19.9 hivi, na king'ora cha oksijeni kwa kawaida hulia ikiwa chini ya 19.5. Kifaa kitakaa kimya, taa ya kijani inawaka, na mtu anahema. Kwa matangi ya asidi na madini ya kabonati, na kwa kiwanda chenye SMB, ombeni kifaa chenye vipimo vya gesi hizo mbili. Kampuni za kiwango hicho zinakimudu, na wanaouza hicho cha vinne hujua pa kukipata.

Feni ipulize hewa safi mpaka chini kabisa kwa mpira mpana. Kupuliza juu ya gesi nzito ni sawa na kupepea maji ya kisimani. Mahali feni inapovuta hewa pasiwe karibu na jenereta, msije mkawaletea wenzenu moshi wa kaboni monoksidi. Na kamwe, kamwe, mtu asifungue chupa ya oksijeni ya mchomeleaji ndani ya tangi eti kuongeza hewa. Nimesikia wanaopendekeza hivyo kwa nia njema. Oksijeni ikipita asilimia 23.5 nguo na nywele hushika moto kwa cheche ndogo na kuwaka kwa kasi usiyoweza kuizima.

Mwisho, mtu mmoja akae mlangoni asiyekuwa na kazi nyingine yoyote, anazungumza na waliomo, ameshika kamba zao. Kama mlango uko juu, iwepo stendi ya miguu mitatu yenye winchi, maana mtu aliyelegea hawezi kuvutwa kwa mikono mita nne kwenda juu.

Sasa getini. Hapo sitakudanganya. Sheria ipo: Kodi ya Kazi, yaani sheria ya kazi ya Kongo (Code du travail), ya mwaka 2002 inamdai mwajiri alinde usalama wa anaowafanyisha kazi, na inataka kuwe na kamati ya usalama na usafi kazini. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba kibarua wa siku hafukuzwi. Kesho yake jina lake halisomwi tu. Kwa hiyo usiende peke yako, na usianze na neno "nakataa". Nendeni wote mnaoingia, pamoja na aliyeanguka, mkampate kapita kwanza, kwa heshima, kando, si mbele ya shefu wake. Naye anaogopa kupoteza kazi kama nyinyi. Mwambieni kwa lugha yetu: "Kapita, mbele ya kuingia, tupime hewa, yulu na chini, na batufunge kamba." Hilo ni ombi, na ni gumu kulikatalia mbele ya watu sita. Mkikwama, tafuteni delege, yaani mwakilishi, wa wafanyakazi wa kudumu au ofisa usalama wa kiwanda chenyewe, si wa kampuni iliyowakodi. Wakaguzi wa kazi nao wapo Lubumbashi. Tena ile ajali ya mwezi uliopita ilipaswa kuandikwa na kutangazwa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Uliza kama iliandikwa. Mara nyingi swali hilo dogo huamsha ofisi kuliko malalamiko.

Hayo yote yakishindikana na wiki ijayo ukaambiwa ushuke bila kipimo, bila feni na bila kamba, ushauri wangu ni usishuke. Najua ni rahisi kwangu kuandika hivyo nikiwa nimekaa, na mshahara wa siku hiyo sitakulipia mimi.

Kuhusu afya: maumivu yako ya kichwa kama yaliisha usiku uleule na hayajarudi, sina wasiwasi mkubwa. Lakini siku yoyote ukivuta gesi inayochoma koo, ukaanza kukohoa au kubanwa kifua, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama unajiona umepata nafuu, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye, usiku ukiwa umelala. Mwenzako ni habari nyingine. Mtu aliyepoteza fahamu ndani ya tangi lazima aonwe na daktari, hata sasa, hasa kama amekuwa msahaulifu, anapepesuka, au halali vizuri. Amtajie daktari tangi lilikuwa la nini na dawa gani zinatumika humo. Na wewe mfuate huko hospitali, maana yeye mwenyewe dakika zile hazikumbuki.